Tundu la Tatu

Bi Nasra alizikwa Jumatano, na Jumamosi yake tukamsomea hitma katika ukumbi wa kukodi hapo Wembley, nyuma ya duka la mazulia. Nilikuwa napanga sahani za biriani mpwa wake aliponisogelea, msichana aliyezaliwa London, akaniuliza kwa Kiingereza na kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu: shangazi yake hasa alikuwa nani kabla ya hoteli? Maana wote mle ukumbini walimjua kama mama wa chumba cha mashuka katika hoteli moja ya Edgware Road, kazi aliyoishika mpaka magoti yakamkataa. Nikamwambia, shangazi yako alikuwa mpimaji wa ngome za Urusi. Akatabasamu kwa adabu, akidhani nimemjibu kwa fumbo. Mama Furaha, aliyekuwa kando yangu akimimina chai kwenye vikombe vya karatasi, akadakia: "Si mchezo, binti. Ngome ya Warusi kabisa. Sisi tulikula pamoja nayo mwaka muzima." Kisha wageni wakazidi kuingia, msichana akaitwa mlangoni, nami nikabaki na upawa wa biriani mkononi, nikijua nimempa jibu fupi mno. Jibu lenyewe ni refu; lina urefu wa mwaka mmoja.

Niliyoyaacha Mombasa na sababu za kuyaacha sitayagusa hapa. Naanza na nyumba. Ulikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na saba, nami nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Asubuhi nilifanya kazi katika kiwanda cha sandwichi, mchana nikisoma chuoni kupiga chapa kwa kompyuta, na sikuwa na hamu kubwa na lolote kati ya hayo mawili. Nyumba yetu ya Wembley ilikuwa ya matofali mekundu yaliyopauka, yenye ngazi nyembamba iliyofunikwa zulia la rangi ya mchuzi. Tulikuwa wanawake watatu, kila mmoja na chumba chake, na jiko moja letu sote. Chini alikaa Mama Furaha, aliyetoka Bukavu vita vilipoingia mjini, na ambaye sasa aliwahudumia wazee wa Kiingereza majumbani mwao, akiwaogesha na kuwalisha, kisha akirudi jioni huku anaimba nyimbo za kanisani. Juu, ukuta mmoja na mimi, alikaa Bi Nasra wa Unguja, mwanamke wa miaka arubaini na miwili, mfupi, mwenye mikono mikubwa na macho ya mtu anayekadiria urefu wa kila kitu. Nilijua kwamba alisomea Urusi zamani, enzi za Wasovieti, kama walivyosoma Wazanzibari wengi wa rika lake. Alisomea nini, sikujua, na haikunipitia akilini kuuliza.

Niliingia chumbani kwake kwa mara ya kwanza kuazima pasi. Kulikuwa na kitanda kimoja kilichotandikwa kwa kukazwa kama cha hoteli, harufu ya udi, na chini ya harufu ya udi harufu nyingine niliyochelewa kuitambua, ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Mahali ambapo mwengine angetundika picha ya Kaaba au ya ndugu zake, yeye alitundika ramani ya kitu chenye umbo la kabari, ncha yake imeelekea juu, mito miwili ikikutana kwenye ncha hiyo. Nikauliza ni nini. "Kremli," akasema. Nikasema, mbona nimeiona ya Moscow kwenye televisheni, ni nyekundu na ina nyota. Akaweka pasi chini. "Hilo ndilo kosa la watu wote. Wadhani kremli ni nyumba ya rais. Kila mji mkongwe wa Urusi ulikuwa na kremli yake, mwanangu. Mwanzo walijenga za magogo, zikiungua, zikijengwa, zikiungua tena. Halafu ndiyo yakaja mawe na matofali. Hii ni ya Pskov, wenyewe waiita Krom." Kisha akanitazama. "Wewe kwenu Mombasa wapi?" Nikamwambia, Mji wa Kale. "Basi umekulia chini ya ngome. Aliichora nani?" Nikajibu bila kufikiri kwamba ni Wareno. "Wareno ndio walioamuru. Aliyeichora alikuwa Mtaliano. Na kuta nyekundu hizo unazoziona kwenye televisheni, na zile ncha zake za juu zilizochanuka kama mkia wa mbayuwayu, ni kazi ya Wataliano vilevile, kama miaka mia kabla ya hiyo yenu." Nilisimama pale nikihisi uso unanipata moto. Nilikuwa nimepita chini ya Ngome ya Mombasa kila siku ya utoto wangu, nikiegemea kuta zake nikila mabuyu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu aliyekaa mahali na karatasi akaiwaza kwanza. Nilirudi chumbani kwangu bila pasi.

Kuanzia hapo nikawa na kiu. Kila jioni nilikuwa na swali, na mahali pa maswali palikuwa mezani jikoni. Kiwandani walituruhusu kuchukua sandwichi zilizokatwa vibaya, nami nilizileta kwa mfuko, na kwa sandwichi hizo Bi Nasra alijenga Krom nzima juu ya kitambaa cha meza. Mito ilikuwa visu viwili. Upande wa mto, alisema, ukuta hauhitaji nguvu nyingi, kwa kuwa maji yenyewe ni askari. Nguvu yote iwekwe upande wa nchi kavu, na ukuta wa upande huo watu wa Pskov waliuita kwa neno lenye maana ya kifua. "Wautoa kifua mbele," alisema, akijipiga cha kwake. Penye lango alipanga mikate miwili sambamba, ikaacha njia nyembamba katikati, akachukua vipande vya sukari akavitembeza humo kimoja kimoja. "Hawa ni maadui. Wamevunja lango la nje, wanashangilia. Wadhani wameingia. Kumbe wameingia kooni." Na kwa kidole akaviangusha vyote kutoka juu ya mkate. Mama Furaha, aliyekuwa akisonga fufu, ugali wa kwao wa muhogo, alicheka mpaka mwiko ukamponyoka. Tulibishana pia juu ya neno la kutumia kwa Kiswahili. Mimi nilisema ngome inatosha. Bi Nasra alisema ngome ni ya askari, na kremli ina makanisa na maghala na mahali pa kuamulia kesi, boma je? La, boma lanuka ng'ombe na mkuu wa wilaya. Husuni, kama ile ya Kilwa? Hiyo aliipenda, aliitamka mara mbili tatu kama anaionja, lakini akasema hakuna atakayeielewa. Tukaacha Krom iitwe Krom.

Swali zuri kuliko yote aliliuliza Mama Furaha. "Na batu? Balilala wapi ndani ya iyo ngome?" Bi Nasra akamjibu kwamba kwenye Krom ya Pskov watu hawakulala. Waliishi nje, katika mji, nao mji ulikuwa na kuta zake nyingine. Ndani kabisa, mahali penye ulinzi kupita pote, waliweka kanisa lao kuu na maghala ya nafaka ya mji mzima, na sheria yao ilisema mwizi wa humo hukumu yake ni kifo. Mama Furaha akageuza fufu mara kadhaa. Halafu akasema, "Balikuwa na akili. Siye tulikimbia, chakula ikabaki ndani ya nyumba. Ikawalisha wale waliotufukuza." Usiku ule tulikula ukuta wa kifua kwa chai.

Mimi ndiye niliyeleta habari za maonyesho nyumbani, na hilo nalisema mapema ili lawama ikae mahali pake. Nilikuwa nimeanza kwenda maktaba kutafuta vitabu vya ngome, na huko mwezi wa tatu nikaokota kipeperushi: miji yenye kuta ya Urusi, michoro na picha, katika jumba dogo la maonyesho mitaa ya Bloomsbury, kiingilio bure. Jumamosi nikampeleka Bi Nasra kama zawadi. Alivaa koti lake la heshima na kilemba cha zambarau, na ndani ya treni alikaa mikono imefumbatana mapajani kama mtoto anayepelekwa kwa mpiga picha. Vilikuwa vyumba viwili tu, sakafu ya mbao inayolia, na watu wachache wanaonong'ona. Alinitembeza kama mwenye nyumba. Hii Tula, akasema, wameijenga penye kinamasi, ikasimamishwa juu ya nguzo za mti zilizopigiliwa kwenye tope. Hii Kazan, mji wa Waislamu. Tsar, mfalme wa Warusi, alichimba chini ya kuta akatia baruti, kisha baada ya kuuteka akawaita waashi wa Pskov waje kujenga upya kwa mawe meupe. Na humo sasa, akasema kwa sauti ya kujivunia jambo lisilo lake, wanajenga msikiti mahali ulipovunjwa ule wa kale. Kisha tukaingia chumba cha pili, na akasimama.

Ulikuwa mchoro mkubwa wa mnara uliokatwa katikati kama papai, ghorofa tatu, kila jiwe limechorwa. Chini yake kulikuwa na kadi. Niliisoma kwa sauti, nikitafsiri kadiri nilivyoweza: mnara wa pembeni, ngome ya Pskov, mchoraji, mwanafunzi asiyejulikana. Na chini zaidi, kwa herufi ndogo, kwamba mchoro huu ndio ushahidi pekee uliobaki wa tundu la tatu la kupigia bunduki katika ghorofa ya juu, tundu ambalo inaaminika limezibwa baadaye. Bi Nasra alikuwa ameukaribia ukuta hata pumzi yake ikafanya ukungu kwenye kioo. "Mkono wangu huu," akasema. Nikadhani sikusikia. "Huu mchoro n'liuchora mimi. Nilikuwa mwaka wa pili." Moyo ukanilipuka kwa furaha, nikataka kumkimbilia mwanamke aliyekaa kwenye dawati pale mlangoni, lakini Bi Nasra alinishika kiwiko kwa ile mikono yake na kunitoa nje. Tulinunua chipsi kituoni tukisubiri basi. Yeye alizikunjua karatasi, akazikunja tena, hakuonja hata moja. Nilipomuuliza kwa nini hatusemi, alijibu, "Wacha, Mwanaidi," na katika miezi minne ya kuishi naye hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulinyima swali langu jibu.

Wiki ile nilianza kumshuku. Leo naona haya kuliandika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiuliza kama hakuutamani tu mchoro wa mtu mwengine, kama mtu anavyoweza kutamani maisha aliyoyakosa. London ile ilikuwa imejaa watu waliosema kwao walikuwa madaktari na mahakimu, na sikuzote kulikuwa na mtu wa kuwacheka walipogeuza mgongo. Kisha jioni moja nilikuwa nateremka na kapu la nguo nikasikia sauti jikoni, mlango umeachwa wazi kidogo, nami nikaketi kwenye ngazi. Mama Furaha alikuwa akisema, "Kama ni yako, uende useme ni yako. Mimi kule Homu Ofisi ya uhamiaji baliniambia mimi si mutu wa Bukavu. Nikawatajia barabara zote, soko, kanisa, mpaka nyumba ya mama anauzisha mikate. Nilisema kweli yangu mara tatu. Wewe unaogopa nini?" Bi Nasra akamjibu, "Wewe ulikuwa na kweli, Mama Furaha. Mimi ushahidi wangu ni uongo."

Akasimulia, taratibu, na mimi kwenye ngazi nikashikilia kapu lisitoe sauti. Wanafunzi walipelekwa Pskov kwa mafunzo ya vitendo, kila mmoja na mnara wake. Mwezi wa kumi, barafu ya kwanza. Mnara wake ulikuwa umezungushiwa majukwaa na mbao kwa ajili ya matengenezo, kwa hiyo kutoka nje hakukuonekana kitu. Ndani, kupanda ghorofa ya juu kulikuwa na ngazi ya mti iliyooza, na jana yake mwenzake alikuwa ameteleza kwenye nyingine kama hiyo akavunjika mkono. Mwalimu alitaka karatasi jioni. "Ghorofa ya chini niliona matundu matatu. Ya kati, matatu. Nikasema, basi na ya juu yatakuwa matatu. Nikakaa chini kwenye ndoo nikachora. Nikapewa tano, kwao ndiyo alama ya juu. Mchoro ukatundikwa ukumbini, wanafunzi wanapita wanautazama." Nilipokuwa nasikiliza nilisikia birika likianza kuchemka na hakuna aliyeliondoa. "Niliporudi Unguja niliitwa kwenye kazi ya kupima majumba ya Mji Mkongwe. Nikakataa. Nilijiambia, mtu aliyeudanganya mnara mmoja atazionea haya vipi nyumba elfu. Nikaomba kazi ya ofisini. Na leo nakuta wameandika kwamba mimi ndiye shahidi wa tundu lililozibwa. Wanalitafuta, Mama Furaha. Wanalitafuta tundu ambalo nimelizaa mimi, kwa baridi na woga."

Jumanne, baada ya zamu, nikaenda Bloomsbury peke yangu. Nimejiuliza mara nyingi ni nini hasa kilichonisukuma. Nilitaka jina lake liandikwe, hilo ni kweli. Nilitaka pia kufuta ile shuku yangu kabla hajaijua. Lakini chini ya hayo mawili kulikuwa na la tatu, nalo ni kwamba kwa mara ya kwanza London nilijua jambo ambalo waliosoma hawakulijua, na sikuweza kukaa nalo. Msimamizi wa maonyesho alikuwa Mwingereza aitwaye Helen, mrefu, miwani yake ikining'inia kwa uzi shingoni. Nilimweleza yote nikiwa bado nanuka mayonezi: jina, Zanzibar, ngazi iliyooza, ndoo. Akainuka akaleta picha ya mnara iliyopigwa karibuni kutoka ng'ambo ya mto, akaiweka chini ya taa. Chini ya paa la mbao palionekana vidoa viwili vyeusi, viwili tu. Akavitazama kwa muda mrefu, kisha akaniomba nimwandikie jina la Bi Nasra na anwani yetu. Nilirudi Wembley na furaha ya mtu aliyetenda wema bila kuombwa, furaha ambayo tangu siku ile naiogopa.

Barua ilifika Ijumaa. Bi Nasra alinikuta jikoni, akainyoosha kwangu. "Isome," akasema. "Kwa sauti." Nikasoma. Helen aliandika kwa upole sana kwamba amearifiwa na rafiki wa Bi Nasra kuwa ghorofa ya juu ilibuniwa, na angependa wakutane. Nilipofika neno hilo, ilibuniwa, niliiweka barua mezani. Bi Nasra hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali apaze. "Miaka ishirini nimelibeba hili. Lilikuwa langu nilitoe mimi, kwa mdomo wangu, siku nitakayoiweza. Umeniibia hata kosa langu." Nikaanza kusema nilitaka jina lake lijulikane. "Jina langu n'nalo," akasema, na akapanda ngazi.

Wiki saba hakula nasi. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta, kijiko kikigonga sahani, redio, kisha kimya. Mimi nilipika wali wa nazi ya kopo nikauacha mlangoni kwake, na asubuhi niliukuta palepale na kifuniko chake. Niliomba radhi kupitia mlango kila nilipopita, mpaka Mama Furaha akanivuta kando. "Mwana, ulifanya mubaya. Ulikwisha kuomba musamaha. Sasa unyamaze. Ukiomba kila siku unamuchokesha, anaanza kukubeba na wewe." Siku hizi nakagua majengo makongwe, hiyo ndiyo kazi yangu, na nina wasaidizi vijana wanaopenda kukimbilia kwa mteja na habari wakiwa bado na vumbi mikononi. Huwaambia wangoje. Siwaambii kwa nini.

Jumamosi moja mwezi wa tano mlango wangu ukagongwa. Alikuwa amevaa kile kilemba cha zambarau. "Vaa viatu. Ulinisemea, basi njoo usikie ninavyojisemea." Kule Bloomsbury Helen alimpa mkono, na kumbe Helen alikijua Kirusi, alikuwa amekisomea, mara wote wawili wakageukia lugha hiyo nami nikabaki kwenye benchi kama mtu aliyefungiwa nje ya dirisha. Sikuelewa hata neno, lakini sijawahi kusikiliza kitu kwa makini kama siku ile. Bi Nasra niliyemjua alikuwa mtu wa sentensi fupi na mabega yaliyoinama kidogo. Kwa Kirusi mabega yalinyooka. Alichora hewani, alipinga, alicheka kwa sauti nene niliyokuwa sijaisikia, na mahali fulani alisimama mbele ya mchoro, akaweka kidole juu ya kioo, palepale kwenye tundu la tatu, akasema jambo moja polepole. Helen hakumkatiza. Mwishowe wakaandika kadi mpya pamoja: mpimaji ni Nasra Salim, mwanafunzi kutoka Zanzibar, ghorofa ya juu haikupimwa, matundu yake yalikisiwa. Helen alikuwa ameandika kwa lugha laini zaidi, kwamba sehemu hiyo haina hakika. Bi Nasra alilikata hilo akataka lile neno lenyewe. Na kwa kuwa kijitabu cha maonyesho kilikuwa kimeshachapwa na habari ya tundu lililozibwa, zikatolewa karatasi ndogo za masahihisho, nasi wawili tukakaa alasiri nzima tukizitia moja moja ndani ya vijitabu vilivyobaki, bega kwa bega. Nilipokosea ukurasa alikitoa kijitabu mkononi mwangu, akakitia mahali pake, akanirudishia rundo.

Mwezi wa nane alichukua likizo yake hotelini akaenda Pskov. Helen alimwandikia barua ya kuwaonyesha wasimamizi wa ngome. Hatukupata neno kwa wiki mbili, na Mama Furaha alimwombea kila jioni kwa sauti, akimtajia Mungu na jina la mji ili asikosee. Aliporudi alikuwa amechomwa na jua puani, na ameleta mkate mweusi mzito kama tofali. Tulikaa jikoni naye akala, akala hasa, sombe ya Mama Furaha, kisamvu cha kwao, kwa vidole, kabla ya kuanza. Mnara una ngazi mpya sasa, alisema, ya mbao nzuri, na pa kushikilia. "Nilifika juu kwa dakika moja. Dakika moja, Mwanaidi." Akarudia mara ya pili, kana kwamba dakika ile ndiyo iliyomshinda kuielewa. Juu palikuwa na mavi ya njiwa na mwanga mwingi, na matundu mawili, kama picha ilivyosema. Kisha akageuka kuutazama ukuta wa tatu. Palepale alipochora yeye, kwa urefu uleule, palikuwa na kiraka: mawe madogo kuliko mengine, chokaa ya rangi nyingine, upana wa mabega ya mtu.

Mama Furaha akashika kichwa. "Basi ilizibwa! Ulisema kweli!"

"Nilimuuliza msimamizi. Akasema huenda ni tundu lililozibwa zamani. Huenda pia ni tengenezo tu la baada ya vita, mizinga ilipaharibu sana. Karatasi za tengenezo hazipo. Hakuna ajuaye."

"Umefurahi?" nikauliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu ile barua.

Alilifikiri. "N'lilia, halafu nikacheka, yule mzee akadhani n'na kichaa. Sijui kama nimefurahi. Kusema kweli kwa bahati si kusema kweli. Lakini nimepanda, nimeona, nimepima." Akafungua mkoba wake akatoa daftari, na ndani yake namba zilijaa pande zote mbili za karatasi, safari hii hakuna hata moja iliyotolewa kichwani.

Wiki hiyohiyo niliacha masomo ya kupiga chapa nikajiandikisha kwa ukaguzi wa majengo, mwanamke pekee katika darasa lile. Bi Nasra nilimwambia mwishoni kabisa, nikiogopa asije akadhani natafuta msamaha kwa mlango wa nyuma. Hakusema neno la pongezi, na neno la msamaha halikutoka siku ile wala siku nyingine yoyote katika miaka yote iliyofuata. Jumapili alishuka jikoni na ubao wa kuchorea, akafuta meza, akabandika karatasi kwa utepe wa gundi pembe zote nne, akaanza kuchora upya ghorofa ya juu ya mnara wake, nami nikimsomea namba kutoka kwenye daftari. Alichora matundu mawili kwa mstari mweusi, mnene, usio na wasiwasi. Alipofika kwenye kiraka akasimama, akainuka kitini, akanipa penseli na kuniambia nikae pale alipokuwa yeye. Nikashika. Akaniambia nichore tundu la tatu kwa vistari vilivyokatikakatika, kimoja, nafasi, kimoja, nafasi. Nikakandamiza penseli, nikitaka mstari mnene kama wake. Akaniwekea kiganja chake juu ya kifundo cha mkono, kwa uzito mdogo tu, mpaka vidole vyangu vikalegea.

"Usikaze mkono hapo," akasema. "Hapo hatujui."